Jina Linaloandikwa Cholmondeley na Kutamkwa Chamli

Ndugu msomaji, jaribu kulisoma jina hili kwa sauti: Cholmondeley. Wengi watasema Cho-lo-mon-de-lei, na si kosa lao, maana sisi tuliozoea Kiswahili husoma kila herufi tunayoiona. Kumbe Mwingereza mwenye jina lake hulitamka "Chamli" tu. Herufi kumi na mbili, silabi mbili!

Jina hili ni adimu hata kwao Uingereza, lakini hapa Kenya limetugusa kuliko tunavyodhani. Yule kiongozi wa walowezi tuliyesoma habari zake shuleni kwa jina la Lord Delamere, aliyehamia nchi hii mwaka 1903 na kufariki mwaka 1931, jina lake la ukoo lilikuwa Cholmondeley. Delamere ni jina la cheo. Kwa desturi yao mtu akiwa na cheo cha namna hiyo hutia sahihi kwa cheo peke yake, na watu humwita hivyo hivyo. Ndiyo maana barabara kubwa ya Nairobi iliitwa Delamere Avenue kabla ya kuitwa Kenyatta Avenue, na jina la ukoo likabaki limejificha. Lilikuja kutoka hadharani katika kesi ya kitukuu wake, Thomas Cholmondeley, ambaye mwaka 2009 korti ya Nairobi ilimpata na hatia ya kumuua bila kukusudia Robert Njoya, aliyepigwa risasi mwaka 2006. Siku hizo watu wengi walilisoma gazetini wakitafuna ulimi.

Sasa, lilitoka wapi? Kaskazini-magharibi mwa Uingereza kuna jimbo linaloitwa Cheshire, nchi ya malisho na ng'ombe wa maziwa. Huko zamani za Waingereza wa kale aliishi mtu aliyeitwa Ceolmund. Jina lake lina sehemu mbili: ceol ni chombo cha baharini, na mund ni ulinzi. Huyu alikuwa na mahali pake palipofyekwa msituni, na mahali pa namna hiyo waliita leah. Basi pakaitwa "uwanda uliofyekwa wa Ceolmund". Mwaka 1086, wakati mfalme William alipoagiza mali yote ya nchi iandikwe kitabuni, karani aliandika Calmundelei. Karibu na hapo kuna kijiji kingine, Cholmondeston, nacho kimebeba jina la Ceolmund vilevile.

Ukoo ulikuja baadaye. Mabwana waliomiliki ardhi hiyo walianza kujiita wa Cholmondeley, kama vile sisi tunavyosema fulani wa Limuru au fulani wa Maseno. Na hapa kuna jambo la kufikiria. Ukiwa Limuru hakuna anayekuita wa Limuru, maanake ninyi nyote ni wa Limuru. Jina la mahali humshika mwenye shamba, au humshika mtu aliyehama akafika ugenini. Mahali penyewe pakiwa kijiji kidogo, wanaolibeba jina lake huwa wachache. Smith ni mhunzi, na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, ndiyo sababu akina Smith wamejaa dunia nzima. Lakini Cholmondeley ni pale pamoja tu.

Kufupishwa kwake si ajabu. Waingereza hukaza sauti kwenye silabi ya kwanza, na zile za katikati huliwa polepole. Cholmondeley ikawa kama Cholmley, halafu ile l ikazama, kama inavyozama katika neno lao calm, ikabaki Chamli. Mdomo ulikwenda mbele, kalamu ikabaki nyuma. Si jina hili peke yake. Jirani zao wa Cheshire, ukoo wa Mainwaring, husema "Manaring", na msomi mmoja wa karne ya 17, William Dugdale, anatajwa kuwa alihesabu namna 131 za kuliandika katika hati za ukoo huo. Hata Shakespeare, katika sahihi zake sita zilizobaki, hakuna aliyoiandika kama tunavyoandika sisi leo.

Lakini mbona wengine walibaki na herufi zao zote kumi na mbili, na wengine wakawa Chumley, Cholmeley, Cholmley au Chumbley? Wenye ardhi walikuwa na hati, mihuri na vyeo. Ukiwa na hatimiliki iliyoandikwa Cholmondeley hukubali karani akupunguzie hata herufi moja, maana ni shamba lako linapungua. Matawi mengine ya wenye mali yalichagua tahajia fupi na kuishikilia: Sir Roger Cholmeley, aliyeanzisha shule ya Highgate huko London mwaka 1565, yuko kwenye vitabu kwa jina hilo. Maskini hakuchagua. Mwaka 1538 serikali ya mfalme Henry wa Nane iliagiza kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko. Mzazi asiyejua kusoma alisimama mbele ya karani akataja jina lake, karani akaandika alichosikia. Akisikia Chamli, ataandika Chumley. Mwaka 1837 serikali ilipoanza kuandikisha vizazi yenyewe, yale yaliyosikika yakazidi kuganda.

Tusicheke sana. Kazini kwangu nimekaa na mama mjane mwenye majina matatu: kwenye cheti cha ubatizo Wangare, kwenye kitambulisho Wangari, na kwenye cheti cha ndoa herufi ya kwanza imeanguka kabisa. Ni mtu mmoja, lakini makaratasi yanasema ni watatu, na shamba la marehemu likangoja. Alilipa nauli mara nyingi, akalipa wakili kwa hati ya kiapo kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Akina Ng'ang'a walioandikwa Nganga wanalijua jambo hili. Kwa hiyo mama akijifungua hospitalini, someni ile karatasi ya kizazi herufi kwa herufi kabla ya kuondoka, mkilinganisha na vitambulisho vya wazazi. Asiyejua kusoma amwombe mwenzake. Kusahihisha siku hiyo ni dakika chache.

Nirudi kwa akina Cholmondeley, kwani kuna picha yao moja inayopendwa sana katika jumba la Tate Britain, London. Ilichorwa kati ya mwaka 1600 na 1610. Wanawake wawili wamekaa kitandani bega kwa bega, kila mmoja na mtoto mchanga aliyevikwa nguo nyekundu ya ubatizo. Maandishi yaliyo kwenye picha husema walizaliwa siku moja, wakaolewa siku moja na kujifungua siku moja. Majina yao wenyewe hayakuandikwa. Limeandikwa la ukoo tu!

Na lile la Delamere? Lilitolewa mwaka 1821 kwa tawi la ukoo lililokaa Vale Royal, mahali palipokuwa monasteri ya Wasistersiani kabla ya mfalme Henry kuifunga. Jirani na hapo kuna msitu wa Delamere, yaani msitu wa maziwa. Si maziwa ya kunywa, ni maziwa yenye samaki, ingawa Mkenya aliyezoea kuliona jina Delamere kwenye kopo la maziwa ya mtindi ana haki ya kuchanganyikiwa. Tena yule mlowezi, baada ya kuanzia Njoro, alifanya makao Soysambu, kando ya ziwa Elementaita.

Huko Cheshire kasri la Cholmondeley lingalipo, na bustani yake hufunguliwa kwa wageni. Ukienda ukapotea njia, uliza Chamli.