Phoenix: jiji la jangwani linalokua kila mwaka, maji wanatoa wapi?

Juzi kafe ubishi ulikuwa mkali. Jamaa mmoja alikuwa anacheki matokeo ya NBA, akataja Phoenix Suns, mwingine akasema Phoenix ipo California. Sio California, ndugu yangu. Phoenix ni makao makuu ya jimbo la Arizona, na kwa idadi ya watu ndiyo makao makuu ya jimbo makubwa kuliko yote Marekani. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 1,608,139, ikawa jiji la tano kwa ukubwa nchi nzima. Na lipo katikati ya jangwa. Jangwa kabisa, lile la miti ya miiba tunayoiona kwenye filamu za makauboi.

Hapo ndipo nilipojiuliza: watu milioni moja na nusu na ushee jangwani, wanakunywa nini? Nikaanza kusoma. Nilichokikuta kimenifanya nione hili jiji tofauti na zile picha za mabwawa ya kuogelea na viwanja vya gofu.

Kwanza, wazungu hawakuwa wa kwanza kulima pale. Karne nyingi kabla yao kulikuwa na watu ambao wataalamu wanawaita Hohokam. Walichimba mifereji kwa mikono, mamia ya kilomita kwa jumla, wakaleta maji ya mto Salt mashambani kwao. Kufikia kama mwaka 1450 vijiji vyao vikubwa vilikuwa vimeachwa. Wenyeji wa huko wanaoitwa O'odham wanasema hao ni babu zao. Kwa hiyo mwaka 1867 Jack Swilling alipofika na kuanzisha kampuni ya mfereji, alichofanya kwa sehemu kubwa ni kufukua mifereji ya watu waliotangulia. Jina la Phoenix linasemekana kutolewa na Mwingereza Darrell Duppa, mmoja wa walowezi wa mwanzo. Phoenix ni yule ndege wa hadithi za Wagiriki anayeungua akawa majivu halafu anazaliwa upya. Mji mpya juu ya majivu ya mji wa zamani, ndio maana yake. Jina zuri, lakini wenyewe wa zamani walikuwa bado wapo pale pale jirani, hawajawa majivu.

Na hao jirani waliumia. Maji ya mto Gila ambao O'odham walikuwa wanalimia yalichukuliwa juu ya mto na walowezi kuanzia miaka ya 1870, mashamba yakakauka, watu waliokuwa wanauza ngano wakaingia kwenye njaa. Kesi na madai ya maji hayo yalikwenda mpaka mwaka 2004, sheria ya bunge la Marekani ilipowarudishia haki ya maji mengi. Leo jamii yao ya Gila River ni moja ya wamiliki wakubwa kabisa wa maji katika eneo lile, na miji inakwenda kwao kukodi. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja.

Tuendelee. Mto Salt ulikuwa na tabia mbaya, mwaka huu mafuriko, mwaka ujao ukame. Wakulima wakaungana mwaka 1903, wakaweka mashamba yao dhamana ili serikali ya Marekani iwajengee bwawa. Bwawa la Roosevelt lilikamilika 1911, na Theodore Roosevelt mwenyewe alikwenda kulizindua. Mwaka uliofuata Arizona ikawa jimbo la 48. Kuanzia hapo pamba, machungwa na ng'ombe vikashamiri. Mto wenyewe je? Umefungwa na mabwawa huko juu, kwa hiyo ukifika mjini sehemu kubwa ni mchanga na mawe. Mji uliozaliwa na mto, na mto haupo tena.

Lakini mpaka hapo Phoenix bado ulikuwa mji mdogo. Mlipuko ulikuja baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Wakati wa vita jeshi lilijenga viwanja vya kufundishia marubani kwa sababu anga ni jeupe karibu mwaka mzima. Vita ikaisha, vijana wengi waliokuwa pale wakarudi kuishi. Motorola wakafungua maabara mwaka 1949. Na kikaja kitu ambacho mimi nasema ndicho kilichojenga Phoenix kuliko meya yeyote: kiyoyozi. Zamani watu walikuwa wanalala nje kwenye vibaraza, wamejifunika mashuka yaliyolowekwa maji. Miaka ya 1930 wakawa na mashine za feni inayopuliza hewa kupitia maji, na miaka ya 1950 viyoyozi vya umeme vikaanza kuingia nyumba za watu wa kawaida. Angalia namba sasa. Mwaka 1950 watu 106,818. Mwaka 1960 watu 439,170. Mara nne ndani ya miaka kumi!

Hapa lazima niseme ukweli, maana hizo namba zina ujanja ndani yake. Sio kwamba wote walihamia. Jiji lilikuwa linameza vitongoji vya jirani kwa kasi, kwa hiyo sehemu kubwa ya hao "wapya" walikuwa wanaishi pale pale, mpaka ndio umewafuata. Mwaka 1950 Phoenix ilikuwa na kilomita za mraba 44 hivi. Siku hizi ni kama 1,340. Ili upate picha, mkoa mzima wa Dar es Salaam ni kama 1,393, na sensa yetu ya 2022 ilikuta Dar watu zaidi ya milioni 5.3. Yaani eneo karibu sawa, wao watu milioni 1.6. Wametawanyika ile mbaya. Nyumba za chini, kila moja na uwanja wake, barabara pana, bila gari wewe huna miguu. Treni ya mjini ilianza Desemba 2008 tu.

Mwaka 1960 pembeni ya jiji Del Webb akafungua Sun City, mji wa wastaafu peke yao. Watu kutoka majimbo ya baridi wakaja kuota jua uzeeni. Jua likawa biashara. Na ardhi ikawa biashara kubwa zaidi, kiasi kwamba kwa miaka mingi kazi kuu ya uchumi wa Phoenix ilikuwa ni kujenga Phoenix. Unajenga nyumba za watu wanaokuja kujenga nyumba. Mnakumbuka mtikisiko wa uchumi wa 2008? Pale bei za nyumba zilianguka zaidi ya nusu kutoka kilele cha 2006. Watu walikimbia mikopo, nyumba mpya zikabaki mahame, mabwawa ya kuogelea yakageuka kijani, mbu wakazaliana. Jangwani! Halafu baada ya miaka michache ujenzi ukaanza tena kama hakikutokea kitu.

Sasa turudi kwenye swali la maji. Mto Salt hautoshi jiji la namna hiyo. Kwa miaka mingi walichimba visima na kupiga pampu mpaka ardhi katika baadhi ya maeneo ikaanza kutitia na kupasuka. Suluhisho lao likawa mto Colorado, ambao uko mpakani na California. Bunge likaidhinisha mwaka 1968, ujenzi ukaanza 1973, ukaisha 1993. Mfereji wa kilomita 540 hivi kukatiza jangwa, gharama karibu dola bilioni 4. Na maji hayashuki yenyewe, yanapanda. Pampu zinayasukuma kimo cha kama mita 880 kwa jumla mpaka mwisho wa mfereji huko Tucson. Maji ni mazito jamani, aliyewahi kubeba ndoo ghorofa ya tatu anajua.

Umeme wa kusukuma ulitoka wapi? Kwa miaka mingi ulitoka kwenye mtambo wa makaa ya mawe uliokuwa kwenye ardhi ya Wanavajo kaskazini mwa Arizona, mpaka ulipofungwa Novemba 2019. Na wakati huo wote maelfu ya familia za Wanavajo hawakuwa na umeme nyumbani wala bomba la maji. Moshi wao, maji ya Phoenix. Mimi hapa nilisimama kusoma kidogo.

Ili kupata huo mfereji Arizona ilikubali masharti mawili. La kwanza, mto ukipungua, California inakunywa kwanza, mfereji wa Arizona unakatwa mapema. La pili ni sheria ya 1980 ya kulinda maji ya ardhini: mtu akitaka kupima viwanja na kuuza nyumba kwenye maeneo yanayosimamiwa, lazima aonyeshe ana maji ya miaka 100. Sheria kali, na naona ni moja ya vitu vya maana walivyofanya.

Bili imeanza kuja. Mto Colorado uligawanywa kwa majimbo saba mwaka 1922 kwa hesabu za miaka ya mvua nyingi, kwa hiyo kwenye karatasi yapo maji ambayo mtoni hayapo. Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza uhaba rasmi kwa mara ya kwanza, na mwaka 2022 Arizona ikapunguziwa asilimia 18 ya mgao wake. Waliobanwa zaidi ni wakulima wa kaunti ya Pinal, kusini mwa jiji. Juni 2023 jimbo likasema halitatoa vibali vipya kwa viwanja vinavyotegemea maji ya visima peke yake katika eneo la Phoenix, maana hesabu ya miaka 100 haitoshi. Magazeti mengine yakaandika kama vile jiji linafungwa. Hapana. Mwenye chanzo kingine cha maji anaendelea kujenga.

Na kuna jambo linaloshangaza: jimbo zima linatumia maji kiasi kile kile cha miaka ya 1950, ingawa watu wameongezeka mara nyingi. Inawezekanaje? Shamba la pamba linakunywa maji mengi. Ukilifuta na kujenga nyumba, matumizi hayapandi, mara nyingine yanashuka. Mpaka leo kilimo ndicho kinachotumia sehemu kubwa ya maji ya Arizona. Kwa hiyo anayesema Phoenix itakauka kesho anatia chumvi. Kinachokufa kwanza ni shamba, na mfanyakazi wa shamba.

Hata viwanda vinakuja. TSMC ya Taiwan, wale wanaotengeneza chip za simu na kompyuta, walitangaza kiwanda pale mwaka 2020, na kufikia Machi 2025 mpango wao ulikuwa umefika dola bilioni 165.

Mimi ninachokiogopa zaidi ya maji ni joto. Mwaka 2023 Phoenix ilipata siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi. Usiku mmoja wa Julai haukushuka chini ya nyuzi 36. Saruji na lami zinameza joto mchana na kulitoa usiku, mwili haupumziki. Hata ile miti ya saguaro, iliyoumbiwa jangwa, ilianguka. Kaunti ya Maricopa, ambayo Phoenix imo ndani yake, ilihesabu vifo 645 vinavyohusiana na joto mwaka huo. Mwaka 2014 vilikuwa 61.

Wanaokufa ni nani? Karibu nusu ni watu wanaolala nje. Wengine wanakutwa ndani, kiyoyozi kimeharibika au kimezimwa. Mitaa ya kusini mwa reli, ambako weusi na Walatino walisukumiwa enzi za ubaguzi, ndiyo yenye miti michache na joto kali zaidi. Mwaka 2018 mama mmoja mzee katika eneo lile alikatiwa umeme wakati wa joto kwa deni la dola 51, akafia ndani. Dola 51. Mwaka 2019 ndipo wasimamizi wa jimbo walipopiga marufuku kukata umeme wa majumbani miezi ya kiangazi. Jiji nalo likaanzisha ofisi ya kupambana na joto mwaka 2021, wanapanda miti na kufungua vituo vya watu kupoa.

Kuna wenzetu wanaoongea Kiswahili pale pia, hasa wakimbizi kutoka Kongo waliopelekwa Arizona. Kama una ndugu yako huko na unataka kumpigia, jua kwamba Arizona, ukiacha eneo la Wanavajo, hawarudishi wala kusogeza saa kama majimbo mengine. Waligoma mwaka 1968, nani anataka jua lichelewe kuzama kule? Kwa hiyo mwaka mzima wako nyuma yetu masaa 10. Ukipiga saa mbili asubuhi, kwake ni saa nne usiku wa jana, na kama ni mwezi wa saba, nje inaweza kuwa bado nyuzi 38.