Shabaha na Historia

Vijana wa mijini wahitimupo kidato cha sita na kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, hufundishwa kulenga shabaha. Wengi hawajapata kushika bunduki. Hulala kifudifudi, hutuliza pumzi, kisha hufyatua. Mafunzo hayo ni mema, je, yanatosha?

Sisi wa Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, tunayo sababu ya kuuliza. Katika ufuko huu huu, huko Liuli, mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia kwa mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. Wageni walipigana nyumbani kwetu, nasi hatukuulizwa. Sauti yetu ilikwisha kunyamazishwa: Februari 27, 1906, mjini Songea, Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Majimaji, ambao wengi wao waliikabili risasi kwa mikuki na imani ya dawa ya maji.

Tunashauri kijana apewapo bunduki apelekwe pia kwenye Makumbusho ya Majimaji, Songea. Ajuaye kulenga bila kujua anamlinda nani, huyo ni silaha mkononi mwa mwingine.