TANZANIA: Ghala Limejaa, Mtoto Amekonda

Iringa ni mmoja wa mikoa inayosifika kwa mahindi katika Tanzania. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya nusu ya watoto wadogo waliopimwa katika vijiji vyake walikuwa na uzito pungufu. Njaa ilitoka wapi, na ghala lina mahindi?

Mwaka 1983 serikali ya nchi hiyo ilianza mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo, ikisaidiwa na UNICEF, Shirika la Afya Duniani na fedha za Italia. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na Siku ya Afya. Watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito na kadi zao kujazwa. Hesabu hiyo haikufungiwa zahanati. Ililetwa mbele ya serikali ya kijiji, wakajadiliana: watoto wangapi wamepungua, kwa sababu gani, na tufanye nini?

Sababu kubwa moja ilikuwa kazi za mama. Tangu alfajiri yuko shambani, kisha kuni, maji na kutwanga. Mtoto hula asubuhi na jioni tu. Lakini tumbo lake ni dogo. Yafaa ale mara nne au tano kwa siku. Uji mzito humshinda kumeza, nao ukizidishwa maji hauna nguvu. Hapo kimea kilisaidia: ulezi au mtama uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Kiasi kidogo hulainisha uji mzito bila kuongeza maji.

Vijiji vikaanzisha vituo vya kulelea watoto, ambako walipikiwa uji wakati wazazi wako kazini. Chanjo nazo zilisisitizwa. Kufikia mwaka 1988 wenye uzito pungufu walikuwa chini ya 40 katika kila 100, na waliodhoofika sana walipungua kutoka kama 6 hadi kama 2.

Ndugu wafanyakazi, jambo hili latuhusu. Mama anayechuma chai hulipwa kwa kilo. Akienda kunyonyesha, mshahara unapungua. Asipokwenda, mtoto anapungua. Hapa Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea kazini na kumpa mama muda wa kufanya hivyo. Sheria isiyodaiwa hubaki karatasi.

Basi kila tawi liulize: Chumba hicho kipo? Watoto wanalelewa wapi wakati wa kazi, na wanakula mara ngapi? Majibu yaandikwe na kupelekwa kwenye mazungumzo na mwajiri pamoja na madai ya mshahara. Na akina baba wasiseme haya ni mambo ya wanawake. Kule Iringa kijiji kizima kilikaa kikao.