Plastiki Si Moja: Somo la Msamiati kutoka Biharwe na Nakivale

Muhula uliopita, katika somo la Tafsiri, tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi lililoonekana jepesi. Tuliwaletea karatasi moja ya maelekezo ya kazi ya mikono, inayoeleza jinsi mabaki ya plastiki yanavyopashwa moto na kushindiliwa kwenye kalibu hadi yakawa vigae. Tuliwaomba waiweke katika Kiswahili ambacho kingeeleweka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mmoja wao aliandika: "Choma plastiki mpaka ilainike." Sentensi haikuwa na kosa la sarufi. Lakini mwenzake, ambaye jamaa zake wanaishi huko huko Nakivale, alisimama akasema: "Mwalimu, kule ukimwambia mtu choma, atawasha moto kweli."

Darasa lilicheka, nasi tukacheka. Tulipoketi kusahihisha madaftari tuligundua kwamba hapakuwa na la kuchekesha. Karibu nusu ya darasa walikuwa wameandika hivyo hivyo, na maelekezo kama hayo yangemfikia fundi asiye na karatasi nyingine ya kulinganisha, angevuta moshi ambao mwandishi wa maelekezo hakuukusudia. Katika makala hii tunakusudia kueleza taka hizi ni zipi, zinatoka wapi, zinageuzwaje kuwa kitu cha thamani, na kwa nini kazi hiyo inamhusu mwalimu wa Kiswahili.

Taka zinakotoka

Biharwe iko kando ya barabara kuu ya Masaka, katika Jiji la Mbarara. Wengi wanapajua kwa habari ya kupatwa kwa jua mwaka 1520. Masimulizi ya Nkore yanaeleza kwamba jeshi la Bunyoro, lililokuwa likirudi na ng'ombe wa kuteka, liliingiwa na hofu giza lilipotanda mchana, likaiacha mifugo na kukimbia. Siku hizi jua hilo hilo linavunwa. Kuanzia Mbarara hadi vijijini, paneli za sola zimewekwa juu ya mabati ya nyumba, maduka, zahanati na shule.

Kusini yake, katika Wilaya ya Isingiro, yako makazi ya Nakivale, yaliyoanza kupokea wakimbizi mwaka 1958. Leo yana watu wanaozidi 150,000, waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Wilaya hiyo hiyo, katika mto Kagera mpakani mwa Uganda na Tanzania, ina kituo cha umeme wa maji cha Kikagati chenye uwezo wa megawati 14. Jua na maji ndiyo tunayoyaita nishati jadidifu, kwa maana ya nishati inayojirudisha upya yenyewe. Wengine husema nishati mbadala, lakini mbadala ni chochote kinachoshika nafasi ya kingine, hata makaa ya mawe yanaweza kuwa mbadala wa kuni. Kwa hiyo jadidifu ndilo neno sahihi zaidi.

Nishati hii tunaisifu kwa usafi wake, na sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo ujenzi wake huacha taka. Paneli husafirishwa zikiwa zimezungushiwa plastiki nyembamba inayonyumbuka, zimefungwa kwa mikanda ya plastiki, na pembe zake zimekingwa kwa vipande vigumu. Nyaya hupitishwa ndani ya mabomba, na kila bomba linapokatwa hubaki kipande. Palipo na ujenzi wa zege hubaki mifuko ya saruji iliyofumwa kwa nyuzi za plastiki. Palipo na mitambo ya maji hubaki vipande vya mabomba meusi mazito.

Taka hizi zina faida moja ambayo taka za jikoni hazina. Plastiki ya jalalani huja imechanganyika na mabaki ya chakula, mafuta na matope, na kuichambua ni kazi ya kuchosha. Plastiki ya eneo la ujenzi mara nyingi ni safi, ni nyingi ya aina moja, na imekusanyika mahali pamoja. Anayeiokota siku ile ile, kabla haijachanganywa na kifusi, ameshamaliza nusu ya kazi.

Kitu kimoja majina mengi, jina moja vitu vingi

Hapa ndipo lugha inapoingia. Nakivale Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wa wakazi, lakini kila mmoja amekuja na Kiswahili chake. Chombo cha plastiki cha kutekea maji, Mtanzania atakiita dumu, Mkenya atasema mtungi, Mganda jerikeni, na Mkongo bidoni. Mfuko mwembamba wa plastiki ni kaveera Uganda, rambo Tanzania, sashe Kongo, na Nairobi mtu anaweza kuuita karatasi ingawa hauna karatasi ndani yake. Bomba la maji ni paipu kwa mmoja na tiyo kwa mwingine, kama Warundi na Wanyarwanda wanavyosema itiyo.

Tofauti hizi hazina madhara makubwa. Ni utajiri, na mtu akikuonyesha kitu kwa kidole mnaelewana. Hatari iko upande wa pili, pale jina moja linapofunika vitu visivyofanana. Neno plastiki ni la namna hiyo. Tunalitumia kana kwamba ni kitu kimoja kama chuma au udongo, kumbe ni jina la ukoo wenye watoto wengi wenye tabia tofauti.

Mwaka 1988 chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani kilianzisha alama ya pembetatu yenye namba ndani yake, kuanzia 1 hadi 7. Chupa ya maji ni namba 1. Dumu na bomba jeusi la maji ni namba 2. Bomba gumu la kupitishia nyaya, ambalo mara nyingi huwa jeupe au la kijivu, na ambalo mafundi huliita pivisi, ni namba 3. Plastiki nyembamba ya kuzungushia mizigo kwa kawaida ni namba 4. Mifuko ya saruji iliyofumwa na mikanda mingi ya kufungia ni namba 5. Namba 6 ni ile ya vikombe vyepesi na foma, na 7 ni mchanganyiko wa zilizobaki.

Namba 2, 4 na 5 hulainika kwa joto la kiasi, takriban nyuzi 110 hadi 165 za sentigredi, na zikipoa huwa ngumu tena. Hizi ndizo rafiki wa fundi mdogo. Namba 1 huhitaji nyuzi zipatazo 250, na kazi hiyo inataka mtambo wa kupimia joto. Namba 3 ndiyo ya kuogopwa. Ikipata joto kubwa hutoa gesi yenye klorini ambayo ikikutana na unyevu wa macho na mapafu huwa asidi. Kipande kidogo tu kikiangukia kwenye chungu cha namba 1 kitaanza kuoza kwa joto kabla wenzake hawajayeyuka, na kitaharibu kazi yote pamoja na kifua cha fundi.

Sasa fikiria maelekezo yanayosema, "Kusanya vipande vya paipu." Vipande vipi? Katika eneo moja la ujenzi wa sola kunaweza kuwa na bomba la namba 2 na bomba la namba 3, na yote mawili ni paipu. Aliyeandika hakukosea Kiswahili, lakini hakusema kitu ambacho msomaji angeweza kukitumia kwa usalama.

Ukiona vyaelea

Si kila kipande huwa na alama. Mafundi wana njia rahisi ya kupima: ndoo ya maji. Namba 2, 4 na 5 ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea. Namba 1 na namba 3 ni nzito, kwa hiyo huzama. Mikanda miwili ya kufungia paneli inaweza kufanana kabisa kwa macho, mmoja ukaelea na mwingine ukazama, kwa sababu wa kwanza ni namba 5 na wa pili ni namba 1. Sharti kipande kioshwe na kuzamishwa kwa mkono kwanza, ili mapovu ya hewa yasikibebe.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tungeongeza kwamba si kila kinachoelea kinafaa. Foma huelea kwa sababu imejaa hewa. Ganda la betri ya risasi limetengenezwa kwa plastiki ya namba 5 na lingeelea, lakini limekaa na risasi na asidi, kwa hiyo lisiguswe na fundi wa vigae. Ganda la nyaya za sola nalo liachwe, kwani aghalabu limetengenezwa kwa namna ambayo haliyeyuki tena hata likipashwa moto vipi. Paneli yenyewe isivunjwe, maana plastiki yake imegandamana na kioo. Kanuni fupi tuliyowafundisha wanafunzi wetu ni hii: kilichozama kisiguse moto mpaka kijulikane, kilichoelea kiulizwe kilikotoka.

Vitenzi vya moto

Turudi kwenye ile sentensi ya mwanafunzi. Kiswahili kina vitenzi vingi vya moto, na kila kimoja kina kazi yake. Kuchoma ni kutia motoni; tunachoma mahindi, nyama na takataka, na fundi wa chuma huchomelea. Kuunguza ni kuharibu kwa moto. Kupasha ni kutia joto bila kuharibu. Kulainisha ni kukifanya kitu kigumu kiwe laini. Kuyeyusha ni kukifanya kiwe maji maji.

Fundi wa vigae hachomi na haunguzi. Hupasha plastiki iliyokatwakatwa, ikaoshwa na kukaushwa, mpaka ilainike, kisha huishindilia kwenye kalibu na kuiacha ipoe. Akiona moshi, joto limezidi na kazi imekwenda kombo. Kwa hiyo sentensi sahihi ni: "Pasha plastiki ya namba 2, 4 au 5 polepole mpaka ilainike; ukiona moshi, ondoa motoni." Ni ndefu kuliko ya mwanzo, lakini inamlinda msomaji.

Kurejeleza au kukweza?

Wanafunzi waliuliza kazi hii iitwe nani. Neno kurejeleza limeshazoeleka, hasa Tanzania, kwa maana ya kurudisha taka katika matumizi. Lakini chupa inayogeuzwa kuwa kitu hafifu kuliko chupa nayo imerejelezwa. Mwaka 1994 mhandisi Mjerumani Reiner Pilz alilalamikia jambo hilo hilo: alisema kuvunjavunja vifaa vya zamani ni kuvishusha, na kinachotakiwa ni kuvipa thamani kubwa zaidi ya awali. Kiswahili kina kitenzi kinachofaa hapo. Tunasema kukweza bei, na mwenye majivuno tunasema anajikweza. Basi kukweza taka kungekuwa ni kuipandisha hadhi. Wengi husema kuongeza thamani, na hilo pia linaeleweka. Tunatoa pendekezo letu kwa wasomaji walipime.

Mifano ipo. Gulu, kaskazini mwa Uganda, kampuni inayojiita Takataka Plastics hutengeneza vigae vya ukutani kutokana na chupa za namba 1, na mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, ilitengeneza ngao za kukinga uso. Wanaisimu watafurahi kuona neno la Kiswahili limechaguliwa kuwa jina katika nchi ya Waacholi. Nairobi, Nzambi Matee na kampuni yake ya Gjenge Makers huchanganya plastiki na mchanga kupata matofali ya kutandaza njia, kazi iliyompatia tuzo ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2020. Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Nalo likaelea.

Wajibu wa mwalimu

Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kitumike hivyo na kifundishwe shuleni. Tumezoea kujibu habari hizo kwa kuongeza vipindi vya ngeli na methali. Hilo ni jema, lakini lugha rasmi ni ile ambayo mtu anaweza kusomea maelekezo ya kazi yake na kurudi nyumbani akiwa mzima.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza zoezi hili, ambalo halihitaji kitabu:

1. Kila mwanafunzi alete vipande vitatu vya plastiki na atafute alama ya namba. Visivyo na alama vipimwe kwa ndoo ya maji.

2. Darasa liorodheshe majina ya kila kitu kwa Kiswahili cha kila mmoja, kisha likubaliane jina moja la kuandikia, huku mengine yakibaki katika mabano.

3. Kila kundi liandike maelekezo ya sentensi tano, na kundi jingine liyafuate kwa vitendo bila moto, na kuonyesha kila mahali lilipolazimika kubahatisha.

Sisi tulilifanya mwishoni mwa muhula. Yule aliyeandika "choma" ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote katika kusahihisha kazi za wenzake. Karatasi ya kundi lake ilianza hivi: "Kabla ya kuwasha jiko, leta ndoo ya maji." Tulimpa alama zake zote.