Kiwanja Kwanza: Usanifu wa Shule ya Chekechea Unaowiana na Mandhari na Urithi wa Kasese na Bwera

Ingawa miji ya Kasese na Bwera imo katika wilaya moja, chini ya Milima ya Rwenzori, haifai kujengewa shule ya chekechea kwa ramani moja. Makala haya yanafafanua kwamba jengo linalowiana na mandhari na urithi wa Wakonzo huanza na uteuzi wa kiwanja, wala si mapambo ya kuta.

Mji wa Kasese uko kwenye tambarare yenye joto, karibu na mto Nyamwamba. Mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020 yaliharibu makazi, madaraja na Hospitali ya Kilembe. Mto utokao mlimani husukuma mawe makubwa, na mtoto wa miaka mitatu hawezi kujiokoa. Hivyo, kigezo cha kwanza ni kuepuka mikondo ya zamani ya maji, ambayo wazee huikumbuka hata isipoonekana kwenye ramani. Aidha, kwa kuwa ikweta inapita wilayani humo, jua la asubuhi na la alasiri hupasha joto kuta za mashariki na magharibi. Madirisha yaelekee kaskazini na kusini.

Bwera, iliyo karibu na mpaka wa Kongo, imezungukwa na miteremko. Kuchimba kilima ili kupata uwanja mmoja mpana hulegeza udongo na kualika maporomoko. Madarasa madogo yanayofuata ngazi za mteremko huhitaji uchimbaji mdogo zaidi.

Eneo zima limo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na matetemeko ya 1966 na 1994 yaliua watu. Ukuta mzito wa matofali usiofungwa kwa nguzo na mkanda wa zege huporomoka kwa urahisi. Ukuta mwepesi wa fito na udongo huyumba bila kuanguka haraka. Udhaifu wake ni mchwa na unyevu, ambao hupunguzwa kwa msingi wa mawe ulioinuliwa na paa lililotokeza. Chini ya paa hilo hupatikana baraza, mahali ambapo wazee wanaweza kuwasimulia watoto ngano kwa Lhukonzo.

Kwa sababu hiyo, inapendekezwa kwamba kibali cha ujenzi kisitolewe kabla ya historia ya maji, mteremko na udongo wa kiwanja kuandikwa pamoja na wenyeji. Kuta zinaweza kurekebishwa baadaye. Kiwanja kibaya hakirekebishiki.