Bwawa la Mtaa: Ada Yako Inanunua Nini?

Ukinunua nyumba pembezoni mwa Minneapolis, jimboni Minnesota, huenda ukagundua baadaye kwamba umenunua na sehemu ya bwawa. Ni lile shimo pana nyuma ya nyumba, lililochimbwa lipokee maji ya mvua kutoka barabarani ili tope litue kabla maji hayajafika ziwani. Joto la Julai likipamba moto, bwawa huvaa utando wa kijani wa mwani, na katika kikao cha wenye nyumba kuna atakayesema: aitwe mtu wa dawa.

Dawa yenyewe mara nyingi ni mrututu, ule wa bluu ambao wakulima wa kahawa wanaujua. Kwa bei ya siku moja ni rahisi, na utando hufa kweli. Lakini ukifa huoza, na kuoza huko humaliza oksijeni majini hadi samaki wakaelea. Shaba iliyomo kwenye mrututu hubaki kwenye tope. Fosforasi, chakula cha mwani, nayo haijaondoka, kwa hiyo ankara itarudi mwakani. Ndiyo maana hesabu hii inafaa ipigwe kwa miaka 10, si kwa msimu mmoja.

Mimi ningeanza na reki. Huko Minnesota hukadiriwa kwamba ratili 1 ya fosforasi yaweza kukuza hadi ratili 500 za mwani, na majani yaliyolala barabarani mwezi wa Oktoba huiachia kwenye maji kama majani ya chai yanavyoachia rangi. Mbolea ya nyasi yenye fosforasi jimbo lilishaibana tangu 2005, isipokuwa kwa nyasi mpya au udongo uliopimwa ukaonekana unaihitaji. Yaliyobaki ni majani na nyasi zilizokatwa, nayo yako mikononi mwetu. Chuo Kikuu cha Hamline kinaendesha mpango uitwao Adopt-a-Drain: unachagua tundu la mtaro lililo karibu nawe, unalisafisha mara kwa mara. Gharama yake ni glovu na jasho lako. Hakuna fedha ya bwawa inayozaa kuliko hiyo.

Kisha ukingo. Acheni ukanda wa mita 3 bila kukata nyasi, mpande mimea ya asili ya huko. Mizizi hushika udongo, na bata bukini, ambao hupenda nyasi fupi na kinyesi chao ni mbolea tupu, huenda wakahamia kwingine. Mche ukiuzwa dola 3 na mkipanda 11 kwa kila mita ya mraba, mita 100 za mraba zitawagharimu dola 3,300. Mbegu ni nafuu mno kuliko hapo, ila zinadai subira ya miaka miwili au mitatu na kung'oa magugu.

Pampu ya hewa inayotoa mapovu chini ya bwawa ni jambo jingine. Maji ya chini yakikosa oksijeni, tope la zamani huanza kuachia fosforasi liliyoihifadhi, na hapo hata mtaa uliofagiwa vizuri utaona kijani. Mota inayokula kilowati 0.4 usiku na mchana hutumia uniti 288 kwa siku 30. Kwa senti 15 kila uniti, ni kama dola 43 kwa mwezi, mbali na bei ya mtambo. Zimeni majira ya baridi: mapovu hudhoofisha barafu, na watoto hawataona hatari. Ile mitambo ya kurusha maji juu hupendeza macho, lakini mara nyingi haifiki chini penye shida.

Mkiambiwa mnunue samaki wala majani aina ya grass carp, kataeni. Jimboni Minnesota ni marufuku.

Bwawa likishajaa tope, kulizoa ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Hupanda zaidi tope likiwa na sumu ya lami ya makaa iliyopakwa kwenye maegesho, ambayo jimbo liliipiga marufuku mwaka 2014 lakini masalia yake bado yamo mabwawani.

Kabla ya kutia saini mkataba wowote, daini vipimo viwili: unene wa tope, na oksijeni karibu na sakafu ya bwawa asubuhi ya kiangazi. Kama oksijeni ipo, pampu haina kazi hapo. Fedha yake nunueni miche.