Kuchora Gesi Isiyoonekana

Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, usiku usio na mbalamwezi ndio usiku wa kazi. Boti za apolo huingia ziwani na taa zake, samaki wa ndagala na mukeke hupanda kuufuata mwanga, na wavuvi hukesha. Mwezi wa Desemba, kwenye saa nne usiku, atakayegeukia upande wa Bujumbura mawingu yakiruhusu ataiona nyota ya Algol kaskazini, katikati ya upeo wa macho na utosi. Hahitaji darubini. Kila siku 2, saa 20 na dakika 49, nyota hiyo hufifia hadi chini ya theluthi ya mwanga wake, na kufifia na kurejea huchukua kama saa 10.

Mwaka 1783 John Goodricke, kijana kiziwi wa Uingereza, alidhani kuna kitu kinachopita mbele ya Algol. Hakukosea. Algol ni nyota mbili: iliyopoa na kuvimba huzunguka na mwenzake wa moto zaidi, tena hujizungusha kwa kipindi hicho hicho, ilhali Jua letu huchukua takriban siku 25. Tabaka la nje la nyota hiyo iliyopoa linatokota. Ukichanganya na kasi hiyo, unapata usumaku mkali. Gesi yenye chaji haikatizi ovyo mistari ya sumaku. Huifuata, na nyingine hunaswa ikining'inia juu ya nyota.

Utaichoraje gesi hiyo, ikiwa darubini ya kawaida inaona nukta moja tu? Mlio wa injini ya boti huwa mwembamba inapokujia, na mzito ikishakupita. Mwanga mwekundu wa hidrojeni nao husogea kuelekea buluu gesi ikitujia, na kinyume chake ikituacha. Wanaastronomia Tom Marsh na Keith Horne walichapisha mwaka 1988 njia ya kukusanya vipimo vya msogeo huo katika mzunguko mzima na kuvigeuza kuwa picha. Ramani yenyewe ni ya kasi, si ya mahali. Anayeisoma kama ramani ya barabara atapotea, na wengi hupotea.

Mercedes Richards, mwanaastronomia mzaliwa wa Jamaika, ndiye aliyeing'ang'ania Algol. Ramani zake za pande tatu zilionyesha gesi nje ya bapa la mzunguko, pasipotarajiwa kama mvutano pekee ungekuwa unaitawala. Mwaka 2010 darubini za redio zilizounganishwa zilitoa picha ya kitanzi kikubwa cha sumaku, kimeota kwenye nyota iliyopoa na kumwelekea mwenzake.